Jino la Juu

Watu wa Kariakoo wakiniuliza binti yangu ameolewa wapi, nawajibu "Ulaya" ili mazungumzo yaishe. Nikisema ukweli hayaishi. Ukweli ni kwamba ameolewa juu kabisa ya dunia, pale ramani inapokaribia kukatika, kwenye wilaya kubwa kama mkoa mzima wa kwetu, ambayo watu wake wote ukiwaleta mtaani kwangu Jumamosi ya kuelekea Idi hutawaona. Watamezwa na wanunuzi wa viatu. Huko duka ni moja, linauza mikate, matairi na stempu. Jirani wa karibu yuko umbali wa kutoka hapa hadi Kimara. Na msimu wa baridi jua linaaga, linaondoka, halirudi kwa wiki kadhaa. Binti aliponiambia hilo mara ya kwanza nilimuuliza, "Sasa Adhuhuri mnaijuaje?" Akacheka mpaka simu ikakatika.

Alienda kusomea unesi, akapata kazi kwenye zahanati ya wilaya hiyo, akaniahidi ni mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja! Huo mwaka ukaleta mchumba. Kijana ni mwenyeji wa asili, wale waliokuwako kabla serikali haijafika, wenye lugha yao, nguo zao na kazi yao ya kufuga kulungu wa theluji, mnyama mwenye manyoya mazito na pembe kama matawi ya mpera. Akasilimu, akaoa, akawa ananipigia kila Ijumaa na kuniita mama kwa Kiswahili cha kujifunza kwenye simu. Sikumpata na kosa, na Mungu anajua nililitafuta.

Halafu akazaliwa mjukuu wangu wa kwanza, wa kike. Nilimwona kwenye kioo cha simu, amefungwa nguo kama mzigo wa kusafirishwa, pua tu nje. Nilifurahi, nikalia, na katikati ya kulia nikashikwa na hofu ambayo haikuniachia tena. Huyu mtoto atakua anajua theluji, atamjua bibi yake wa huko, atajua kulungu mmoja mmoja kwa sura. Mimi nitakuwa sauti ya mwanamke anayepiga kelele kwenye simu, "Unanisikia? Unanisikia?" Sikutaka kingine chochote duniani ila mtoto yule anijue.

Kwa hiyo waliposema wanakuja Dar mwezi wa kwanza, mtoto akiwa na miezi sita, nilipaka rangi sebule. Baba mtoto alibaki na mifugo, haiachiki. Alikuja binti, mtoto, na mama mkwe wake, mzazi mwenzangu.

Mwanamke mfupi, mkavu, mashavu mekundu, ameshuka kwenye ndege na soksi za sufi. Mkononi ana mfuko wa nyama kavu ya kulungu, zawadi yangu. Dada yangu mkubwa, ambaye alikuja kuwalaki na ambaye haachi jambo lipite, akauliza kachinja nani. Binti akamwambia, "Mume wangu, mama mkubwa, kwa bismillah." Dada akatia kipande mdomoni na kwa muda wa kama nusu saa tukapumzika na maswali yake.

Sasa niseme kuhusu ukimya. Mimi ni mtu wa maneno. Nina fremu ndogo ya duka la vifaa vya mafundi cherehani, nyuzi, zipu, vifungo, lesi na tepe za kila rangi, na nimekaa pale miaka mingi nikizungumza kuanzia shata ya mlangoni inapopanda hadi inaposhuka. Mzazi mwenzangu alikuwa anaingia chumbani kwangu bila hodi, anakaa kitandani, ana kikombe chake cha kahawa, ananitazama, anatabasamu kidogo, ananyamaza. Anamaliza kahawa. Anaondoka. Siku ya tatu nikamshika binti jikoni.

"Huyu mama amenuna. Nimemkosea nini?"

"Hajanuna, mama. Amestarehe. Kwao mtu anaingia kwa jirani bila kubisha, anakaa, anakunywa kahawa, akitaka anaondoka. Hapo wametembeleana vizuri sana."

"Bila salamu?"

"Ukiingia si wamekuona?"

Loh! Hapo ikabidi nikae mimi. Lakini binti akaniambia na lingine, kwamba mama yule alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya bweni ambako watoto wa kwao walipigwa wakisema lugha yao. Akazoea kunyamaza, na akiamua kusema anasema la maana. Baada ya hapo nilimhurumia, ingawa kimya chake kiliendelea kuniwasha.

Nikaanza kwenda naye dukani, kwa sababu binti alikuwa anazunguka maofisi kutwa akihangaikia pasipoti. Nilimbeba mjukuu mgongoni kwa kanga, mzazi mwenzangu akinifuata na kofia yake ya ukili tuliyomnunulia. Kuona tepe zangu, yule mama akabadilika. Alizigusa moja moja. Akachagua nyekundu, bluu, njano na kijani, akazipanga kifuani pake, akanionyesha picha kwenye simu yake, wanawake wa kwao wamesimama kwenye theluji na magauni ya bluu yaliyozungushwa tepe kila mahali, mabegani shali za hariri zenye nyuzi ndefu za kuning'inia. Nikampa kiti. Tangu siku hiyo alikaa pale kila siku, akiviringisha tepe zangu upya vizuri kuliko nilivyowahi kuziviringisha mimi. Wateja wakaniuliza nimeajiri mzungu. Nikawaambia ndiyo, na hapokei mshahara.

Kitu kimoja tu kilinitia mashaka. Kila asubuhi baada ya chai alinawa mikono, akamchukua mtoto, akampitishia kidole kwenye ufizi. Taratibu, kama anatafuta kitu. Akishamaliza anatikisa kichwa na kurudi kwenye kahawa. Nilipomwona mara ya pili, niliacha vyombo vya chai. Nikasema, kumbe! Hata huko wanalijua.

Huenda vijana hawajui ninachozungumza. Kwetu sisi watu wa pwani, mtoto akiota jino la juu kabla ya la chini, wazee walimwita kigego, na kigego ni mkosi unaotembea. Siku hizi watu wanacheka, wanasema ni mambo ya kale. Mimi sicheki. Mimi mwenyewe ni kigego.

Aliyeliona jino langu ni dada yangu. Alikuwa na miaka sita, akakimbia uani akipiga kelele kwa furaha kwamba mdogo wake ameota jino, la juu! Mtoto hajui. Bibi yetu akanichukua, akanifungia ndani kwa wiki, lakini mtaa ulikuwa umeshasikia. Mbuzi akafa, ni kigego. Mvua ikang'oa bati, ni kigego. Baba alipoondoka kwenda Tanga na asirudi, hakuna aliyeuliza alikuwa amegombana na nani, jibu walikuwa nalo. Dada naye, jinsi alivyokua, alijifunza neno lile kwa wakubwa. Alinilea, alinisuka nywele, alinipigania shuleni, na tukikosana alinitupia hilo neno usoni. Siku ya harusi yake nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa na shali ya hariri ya rangi ya zambarau yenye nyuzi za kuning'inia, imetoka Maskati. Nikanyoosha mkono niiguse. Akaniondoa mkono. "Usiiguse wewe," akasema, "usije ukaniachia mkosi wako." Yeye nadhani alishasahau. Mimi mpaka leo nikifumba macho naiona rangi yake.

Basi, Jumanne ya wiki ya pili, nikiwa nyumbani nampa mjukuu uji kabla ya kwenda dukani, kijiko kikagonga. Ti! Nikarudia. Ti! Nikainua mdomo wa juu kwa kidole, na lilikuwepo, jeupe, limechungulia kama punje ya mchele. Nikapapasa chini. Chini hakuna kitu. Nilikaa sakafuni pale pale jikoni nikamkumbatia mtoto nikamwambia, "Wewe hutaitwa hivyo. Wallahi hutaitwa."

Nikaanza kuficha. Ungeniona ungecheka. Kila mtu akikaribia, namsukumia mtoto mdomoni nyonyo yake ya mpira, ile ya kumtulizia. Akitaka kucheka, nambusu mdomo mzima. Mama yake akirudi kutoka maofisini amechoka, anamkuta mtoto "ameshalala", namwambia asimsumbue. Mpango wangu ulikuwa ni kungoja jino la chini lichomoze, kisha nitangaze yote mawili kwa pamoja, nani atajua lipi lilitangulia?

Jumatano asubuhi mzazi mwenzangu alinawa mikono kama kawaida, akaja, akanyoosha mikono apokee mtoto. Nikamgeuzia mgongo.

"Amelala," nikamwonyesha kwa ishara, shavu juu ya kiganja.

Mtoto alikuwa amekodoa macho, anachezea hereni yangu. Yule mama akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akanitazama tena kwa muda mrefu. Kisha akaenda kumimina kahawa. Tangu hapo hakumpapasa tena ufizi. Nikamshukuru Mungu, nikadhani nimemweza.

Ijumaa dada alikuja kula pilau. Mzazi mwenzangu, kwa heshima ya wageni, alivaa gauni lake la bluu na shali yake ya hariri, jasho linamtiririka, na dada akaisifu ile shali, akaipapasa nyuzi zake. Nilimwamkia dada, "Shikamoo," akaitikia, tukakaa mkekani, binti yangu akitafsiri pale ilipohitajika. Mtoto nilimpakata mimi, na nyonyo yake. Mambo yalikuwa mazuri kabisa mpaka dada akapiga chafya.

Dada yangu akipiga chafya mtaa wa pili wanasikia. Mjukuu akashtuka, nyonyo ikamtoka, akamtazama, halafu akacheka. Akacheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, jino hilo hapo juu linang'aa peke yake.

Dada akaacha tonge hewani. "Subhanallah," akasema. Akanitazama mimi, si mtoto. "Hili ni la juu."

"Nalijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Na dada, nakuheshimu, lakini ukilitamka neno lile mbele ya mtoto huyu, utatoka humu ndani na hutaingia tena." Sikuwahi kumjibu dada yangu hivyo maishani.

Mzazi mwenzangu akamgusa binti goti, amtafsirie. Binti akasita, akaanza. Niliona uso wa yule mama unabadilika, nikajua amekwisha kuelewa kwamba mjukuu ana mkosi na bibi yake wa Dar amemdanganya kwa siku tatu. Akainuka. Nikamkaza mtoto kifuani. Akaja moja kwa moja, akapiga magoti mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kulia uliojaa mafuta ya pilau, akautikisa kwa nguvu, na akacheka. Wiki mbili sikuwahi kumsikia akicheka. Kumbe anacheka kama mwanaume.

Akasema maneno mengi kwa mpigo. Binti alikuwa anacheka na kulia huku akitafsiri.

"Mama, anasema hongera. Anasema kwao, anayeliona jino la kwanza la mtoto ndiye anayempa mtoto ndama wa kulungu. Ndama huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto maisha yake yote. Ndama anakatwa masikio kwa alama ya mtoto. Na mtoto kila akimwona porini anajua huyu nimepewa na fulani. Mimi nilisahau kabisa kukuambia, mama. Ndiyo maana alikuwa anapapasa. Alitaka awe yeye."

"La juu au la chini?" nikauliza, maana mimi bado nilikuwa kwenye jambo langu.

Binti akauliza. Mzazi mwenzangu akashangaa, akajibu kwa neno moja.

"Anasema, jino."

Nikaweza kupumua. Kisha nikakumbuka. "Jumatano alijua?"

"Alijua ulipomgeuzia mgongo. Anasema hakuna bibi anayemnyima bibi mwenzake mtoto bila sababu. Lakini aliyeliona kwanza ni wewe, kwa hiyo la kusema ni lako. Alikuwa anakusubiri useme."

Kumbe kile kimya chote! Mimi nashukuru Mungu nimemweza, mwenzangu amekaa na kahawa yake ananilindia nafasi yangu. Ile nafasi niliyokuwa naililia, kukumbukwa na mtoto, nilikuwa nimeishika mkononi siku tatu nzima nikiifunika na nyonyo.

"Mwambie ndama nitatoa," nikasema. "Sijui nitamtoa wapi, soko lote hili hawauzi, lakini nitatoa."

Yule mama alikuwa ameshafikiria. Akaonyesha kwa vidole, tepe. Boksi moja la tepe zangu, yeye achague, na ndama atatoka kwenye kundi lake. Nikamwambia achukue maboksi mawili. Tukashikana mikono tena.

Hapo ndipo alipouliza swali ambalo sikulitegemea. Alikuwa amekaa karibu yangu, ananifuta mafuta mkononi kwa pindo la gauni lake. Binti akatafsiri polepole. "Anauliza, na jino lako wewe, nani aliliona?"

Nikanyoosha kidole. "Huyu hapa. Dada."

Mzazi mwenzangu akamgeukia dada kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu. "Anauliza," binti akasema, na sauti ikampungua, "ulimpa nini?"

Dada aliinama, akawa anachambua pilau lake, anatoa karafuu moja moja na kuziweka pembeni ya sahani. Tukanywa maji. Tukazungumza habari za joto.

Walisafiri mwishoni mwa mwezi. Uwanja wa ndege nililia kama ilivyo ada, ila nililia nikiwa na raha. Mzazi mwenzangu alinikumbatia kimya na mimi nikanyamaza naye, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa kumbe inawezekana.

Mwezi wa saba, baada ya Alasiri, dada akiwa kwangu anakunywa chai, simu ikalia. Video. Huko ni msimu ule mwingine, wa kiangazi, jua limewaka halizami. Majani mafupi, mawe, mlima wenye kipara cha theluji, na hakuna mtu mwingine upande wowote mpaka macho yanachoka. Mjukuu yuko mabegani kwa baba yake, ana meno sita. Wakanionyesha ndama wa kahawia, masikio yamekatwa kwa ile alama ya mtoto. Binti akamwambia mwanawe, "Huyu ni wa nani?" Mtoto akatazama kwenye simu, akanyoosha mkono kwangu, akasema, "Bi! Bi!" Nilipiga vigelegele mpaka jirani akafungua mlango.

Kisha simu ikageuzwa. Mzazi mwenzangu amesimama ameshika ndama wa pili, mweupe, mdogo, shingoni amefungwa tepe nyekundu kutoka dukani kwangu. Akajikohoza. Alikuwa amejifunza maneno matatu ya Kiswahili, akayatoa moja moja kwa uangalifu.

"Wa. Jino. Lako."

Sikuelewa haraka. Halafu nikaelewa, na ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye lile pengo la juu, maana lile la utoto lilidondoka, na lililoota mahali pake liling'olewa zamani, hospitali ya kule Upanga. Nikashindwa kusema hata asante. Mimi, mtu wa maneno.

Dada aliinuka bila kuaga, akaacha chai yake nusu. Nikadhani amechukia.

Jumatatu yake alikuja dukani na mfuko wa plastiki. Akauweka juu ya meza ya vioo, kati ya zipu na vifungo, akautazama badala ya kunitazama mimi.

"Yule ndama mweupe," akasema. "Mwambie mwenzako aliyeliona jino ni mimi. Wa kumtoa nilikuwa mimi. Mtumie hii, iwe malipo ya ndama."

Nikafungua. Ilikuwa shali ya zambarau, nyuzi zake zote zimekaa vizuri, inanuka udi wa kabatini. Mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe, baada ya miaka yote ile.

"Ishike," dada akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kabla hujaituma, ivae kwanza. Nikuone."

Nikaivaa pale pale dukani. Mteja alikuwa amesimama mlangoni anataka uzi mweusi, na alisubiri.